John Wesley Hyatt na Badala ya Pembe za Ndovu

Katika karne ya 19, misafara ya Waswahili kutoka Mombasa na Pangani ililikata Bonde la Ufa, ikapitia Naivasha hadi Njemps, karibu na Ziwa Baringo, kutafuta pembe za ndovu. Pembe laini za Afrika Mashariki zilipendwa mno ng'ambo kwa kutengenezea vibonye vya piano na mipira ya biliadi. Hofu kwamba pembe zingeadimika ndiyo iliyomwingiza John Wesley Hyatt katika historia ya plastiki.

Hyatt alizaliwa Starkey, jimbo la New York, Marekani, tarehe 28 Novemba 1837. Hakusomea kemia, kazi aliyofunzwa ni ya kupiga chapa. Mwaka wa 1863, kampuni ya Phelan na Collender, iliyouza vifaa vya biliadi, iliahidi dola 10,000 kwa atakayevumbua kitu cha kushika nafasi ya pembe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hyatt alijaribu vitu vingi baada ya saa za kazi. Hatimaye yeye na nduguye Isaiah walichanganya kafuri na pamba iliyotiwa asidi, wakaushindilia mchanganyiko huo katika joto. Walipata hataza mwaka wa 1870, na zao lao likaitwa seluloidi.

Je, Hyatt alikuwa wa kwanza? La. Mwingereza Alexander Parkes alikuwa ameonyesha kitu cha aina hiyo London mwaka wa 1862, ila kampuni yake ilifilisika. Daniel Spill, mwenzake Parkes, aliwashtaki akina Hyatt, na mwaka wa 1884 mahakama ikamtambua Parkes kuwa mvumbuzi wa asili, huku kila upande ukiruhusiwa kuendelea na kazi. Sifa ya Hyatt basi ni kukifanya kitu hicho kitumike. Mashine ya mwaka wa 1872 ilisukuma seluloidi ya moto ndani ya kalibu, na vitana vya bei nafuu vikawafikia watu wa kawaida.

Hata hivyo, hakumwokoa ndovu. Seluloidi iliwaka moto upesi, mipira yake haikufikia ubora wa pembe, na misafara iliendelea kupita Bonde la Ufa.

Hyatt alifariki tarehe 10 Mei 1920. Tarehe 28 Agosti 2017, Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Kilichoanza kwa kuhofia uhaba kilikuwa kimegeuka balaa kwa wingi wake.