Madam C.J. Walker: Dobi aliyetajirika kwa kuokoa nywele zinazokatika

Wengi hudhani Madam C.J. Walker ndiye aliyebuni kitana cha moto. Siyo kweli, kilikuwepo kabla yake.

Alizaliwa Sarah Breedlove mwaka 1867, Louisiana, Marekani, wazazi wake wakiwa wametoka utumwani. Akiwa na miaka 7 alishakuwa yatima. Akiwa na 20, mjane mwenye binti mmoja. Akahamia St. Louis, akawa anafua nguo za watu.

Baadaye nywele zake zikaanza kukatika na kunyonyoka. Enzi hizo maskini wengi hawakuwa na maji ya bomba nyumbani, hivyo kichwa kilikaa wiki kadhaa bila kuoshwa. Mba na vidonda vikajaa.

Mwaka 1906, akiwa Denver, alianza kuuza mafuta yake yenye salfa. Mawakala aliwafundisha hivi: osha kichwa, paka mafuta, piga brashi, ndipo kitana cha moto kifuate.

Mwaka 1910 alihamia Indianapolis, akajenga kiwanda. Alifariki 1919 akiwa na miaka 51, akiacha maelfu ya wanawake weusi wenye kipato chao.

Leo kuna dawa na pasi ya umeme, ila somo ni lilelile: kichwa chenye afya kwanza, moto baadaye.