Shukhov: Mhandisi aliyepima kila ratili ya chuma

JUNI 29, 1921, sehemu ya nne ya mnara wa redio uliokuwa ukijengwa mtaani Shabolovka, jijini Moscow, iliporomoka ilipokuwa ikipandishwa, ikaharibu sehemu zilizokuwa chini yake. Msanifu wake, Vladimir Grigoryevich Shukhov, alikuwa na umri wa miaka 67.

Wakuu wa serikali ya Kisovieti hawakukawia kumshuku. Mhandisi huyo alihukumiwa kupigwa risasi, ila hukumu hiyo ikasimamishwa ili kwanza amalize kazi. Uchunguzi ulibainisha kwamba hesabu zake hazikuwa na dosari. Kilichosababisha ajali ni uchovu wa chuma: kamba ya chuma iliyokwisha kubeba mizigo mingi ilikatika.

Shukhov alizaliwa mwaka 1853 katika mji mdogo wa Graivoron, kusini mwa Urusi. Alihitimu kwa nishani ya dhahabu katika Chuo cha Ufundi cha Kifalme cha Moscow mwaka 1876, na mwaka huo huo akazuru maonyesho makubwa ya Philadelphia, Marekani. Huko alikutana na Alexander Bari, mfanyabiashara ambaye baadaye alimwajiri na kumpeleka Baku, kwenye visima vya mafuta.

Baku ndiko kipaji chake kilikojitokeza. Mbali na kujenga bomba la kwanza la mafuta nchini Urusi, aliyachunguza matangi ya kuhifadhia mafuta. Wakati huo matangi mengi yalikuwa ya pembe nne, mazito, na yalihitaji msingi imara. Shukhov aliunda tangi la mviringo lenye sakafu nyembamba, akaliweka juu ya mchanga ulioshindiliwa. Kuta alizifanya nene chini, ambako mafuta husukuma kwa nguvu zaidi, na nyembamba kadiri zinavyopanda.

Hakuishia hapo. Alikokotoa tangi la namna hiyo linakuwa jepesi kabisa lini, akapata kwamba ni pale chuma cha sakafu na paa kinapolingana na chuma cha kuta. Kutokana na hesabu hiyo lilitokea jambo la ajabu kidogo: kimo kinachofaa hakitegemei wingi wa mafuta. Atakaye kuhifadhi zaidi apanue tangi, asilirefushe. Matangi ya mviringo yaliyokaa juu ya ardhi iliyosawazishwa yangali ndiyo kawaida ya biashara ya mafuta hadi leo.

Mwaka 1891 alipata hataza ya mbinu ya kuvunja mafuta ghafi kwa joto, na mwaka 1897 akachapisha kitabu kuhusu mapaa ya chuma, akitafuta mpangilio wa nguzo na nyaya unaotumia chuma kidogo iwezekanavyo. Mapaa ya vioo ya soko kubwa lililo kando ya Uwanja Mwekundu, Moscow, ni kazi yake pia.

Lakini ni maonyesho ya Nizhny Novgorod ya mwaka 1896 yaliyomtofautisha na wenzake. Hapo alisimamisha mnara wa maji uliofanana na tenga refu lililofumwa. Kila ufito wake ulikuwa umenyooka kabisa, lakini kwa kuwa fito ziliegemezwa upande na kukingamana, umbo zima likapata kiuno. Fito zilizokingamana zilishikana, na upepo ukapita katikati bila kupata mahali pa kusukuma. Mnara huo, uliohamishiwa Polibino baada ya maonyesho, ungali umesimama.

Mapinduzi ya 1917 yalipotokea, Shukhov alibaki nchini. Mwaka 1919 alibuni mnara wa redio wa mita 350 ambao ungekuwa na uzani wa takriban tani 2,200. Ule wa Eiffel mjini Paris, wa mita 300 wakati ulipojengwa, una chuma cha tani 7,300. Hata hivyo, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeimaliza akiba ya chuma, na serikali ikaidhinisha mnara wa mita 150 tu, wa tani 240 hivi.

Ulijengwa bila jukwaa la nje. Kila sehemu iliungwa ardhini, ndani ya zile zilizotangulia, kisha ikavutwa juu kwa winchi. Baada ya ajali kazi iliendelea kwa njia iyo hiyo, na Machi 1922 mnara ukaanza kurusha matangazo. Hukumu ya kifo haikutekelezwa.

Shukhov alifariki Februari 2, 1939 kutokana na majeraha ya moto, baada ya nguo zake kushika moto wa mshumaa. Alizikwa katika makaburi ya Novodevichy.

Mnara wa Shabolovka uliendelea kutumika, kwa redio kisha televisheni, kwa miongo kadhaa. Adui yake mkubwa amekuwa kutu, maana fito nyembamba hazina unene wa kupoteza. Katika miaka ya 1970 miguu yake ilifungwa kwa zege, hatua ambayo wataalamu wengi waliilaumu kwa kuuzuia mnara kuyumba jinsi msanifu alivyokusudia. Mwaka 2014 kulikuwa na mpango wa kuubomoa, lakini wasanifu majengo wa nchi nyingi na wakazi wa Moscow wakapinga, na mnara ukaachwa mahali pake.