Koomenjwe wa Mbwaa: Shujaa Aliyeshinda kwa Busara

Mjadala wa nani mwenye nguvu zaidi miongoni mwa mashujaa wa kubuni haujapata kukauka vinywani mwa vijana. Wasomaji wa vibonzo na watazamaji wa katuni humpambanisha Superman na Hulk, kisha wakamwongeza Goku wa Wajapani, na kila mmoja akamtetea wake kana kwamba ni ndugu yake wa toka nitoke. Wanafunzi wa fasihi simulizi nao wana mjadala wa jinsi hiyo hiyo: kati ya Fumo Liyongo wa pwani na Luanda Magere wa Waluo, nani angemwangusha mwenzake? Katika mizani hiyo, jina la Koomenjwe wa Wameru ni nadra kutajwa. Makala haya yanasimulia maisha yake kama yalivyohifadhiwa na wazee wa Meru, ili naye apimwe pamoja na wenzake.

Maisha ya Koomenjwe hayana tarehe ya kuzaliwa. Yanaanzia Mbwaa, kisiwa ambako wahenga wa Wameru husemekana kuishi kabla ya kutiwa utumwani na watu walioitwa Nguo Ntune. Jina hilo halimpi taabu mjuzi wa Kiswahili: ni watu wa nguo nyekundu. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, ambaye kitabu chake kuhusu Wameru kilitoka mwaka 1993, anakisia kwamba Mbwaa ilikuwa sehemu ya kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, na kwamba wahenga hao waliihama mapema katika karne ya 18.

Mabwana wa Mbwaa hawakuridhika na jasho la watumwa wao. Waliwatwika mafumbo yasiyoteguka, na aliyeshindwa alingojewa na kifo. Hapo ndipo Koomenjwe anapojitokeza, si kwa mkuki bali kwa fikira. Walipodaiwa kiatu chenye manyoya juu na chini, alielekeza kishonwe kwa ngozi ya shambwelele la ng'ombe, ambayo ina manyoya pande zote mbili. Walipodaiwa ndama anayetoa kinyesi cheupe, ndama alilishwa maziwa matupu. Walipotakiwa kulitoa tunda shimoni bila kulishika, walimimina maji hadi likaelea lenyewe. Walipoamriwa kuleta mbwa mwenye pembe, pembe za mnyama mdogo zilibandikwa kichwani mwa mbwa.

Fumbo la mwisho halikuwa na jibu: wafue mkuki mrefu wa kuugusa mbingu. Pengine hapa ndipo busara ya Koomenjwe inapodhihirika zaidi. Alitambua kwamba mdai wa namna hiyo hatafuti jibu, anatafuta sababu ya kuua. Basi aliomba muda wa kuufua mkuki huo, na muda alioupata akautumia kupanga safari ya kutoroka usiku.

Watoro walizuiwa na maji. Husimuliwa kwamba Koomenjwe aliyapiga kwa fimbo yake, nayo yakatengana. Waliovuka gizani wakaitwa Weusi, waliovuka alfajiri wakaitwa Wekundu, na waliovuka jua limekwisha kuchomoza wakaitwa Weupe. Mgawanyo huo wa koo uliendelea kutajwa na Wameru kwa vizazi vingi. Wapo wanaoona hapa kivuli cha Musa, wakiwashuku wamisionari waliofika Meru mwanzoni mwa miaka ya 1910. Hata hivyo, mwenyeji wa Lamu hahitaji Biblia ili kuelewa kisa hiki: anajua kwamba mikondo ya visiwa vyake hupwa na kujaa, na kwamba anayezijua saa za maji huvuka mahali ambapo anayemfukuza atazama.

Baada ya safari ndefu ya kuelekea Mlima Kenya, Koomenjwe anafifia katika masimulizi. Kinachobaki ni cheo. Baadhi ya wazee humhesabu kuwa chanzo cha Mugwe, kiongozi wa ibada ambaye Bernardo Bernardi alimwandikia kitabu mwaka 1959. Katika Imenti, mkono wa kushoto wa Mugwe ulifichwa ndani ya vazi, na kazi yake ilikuwa kubariki. Hakuwa jemadari, wala hakuruhusiwa kumwaga damu. Lakini vijana hawakwenda vitani bila baraka zake. Majirani zao Waembu nao hawakumweka mpiganaji kwenye chimbuko lao: humtaja Mwenendega, aliyekutana na mkewe Nthara penye mto Ena, na taifa likaanzia kwenye ndoa hiyo.

Tukirudi kwenye mizani, tofauti inajitokeza yenyewe. Liyongo hakudhurika kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni, na mwanawe akaichoma. Magere alikuwa na mwili wa jiwe, lakini siri ya kivuli chake ilitolewa na mke aliyetoka kwa adui. Superman, aliyezaliwa vitabuni mwaka 1938, naye akapewa udhaifu wake: jiwe la kriptonaiti. Nguvu inayokaa mwilini huwa na mahali inapovujia, na kikulacho ki nguoni mwako. Koomenjwe hakuwa na siri ya mwili ya kuuzwa. Nguvu yake aliigawa kwa watu wake, na walipofika ng'ambo walikuwa nayo wote.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, maisha haya yana uzito wa ziada. Liyongo husimuliwa kuwa mtu wa Pate na mdomo wa mto Tana. Ikiwa Mbwaa ndiyo Manda, basi bahari iliyomlea shujaa wa tenzi za pwani ndiyo iliyowafunga wahenga wa Meru. Pwani moja inasimuliwa na waungwana wake na pia na watumwa wake, na hawa wa pili hawakuacha utenzi katika hati za Kiarabu. Waliacha kisa, wakakipandisha hadi miteremko ya Mlima Kenya. Fasihi inayomsikiliza Liyongo peke yake imesikia ukingo mmoja tu wa maji hayo.