Chopin: Mkimbizi aliyerudishwa kwao moyo tu

Jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, wavuvi wa Rumonge huwasha taa na kuingia ziwani kutafuta ndagala. Ukiwa ufukweni, taa hizo huonekana kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Ukifuata mwambao kuelekea kusini utapita Nyanza-Lac, na mbele yake utafika Kigoma. Hiyo ni njia ya mawese na samaki. Imekuwa pia njia ya ukimbizi. Mapigano yalipoanza Rumonge na Nyanza-Lac tarehe 29 Aprili 1972, na mauaji makubwa yakafuata nchini kote, maelfu ya Warundi walikimbilia Tanzania kwa miguu na kwa mitumbwi. Wengi walipelekwa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wakalima huko, wakazaa huko, na wengine wakazikwa huko.

Kwa sababu hiyo, msomaji wa mwambao huu hahitaji maelezo mengi ili kuyaelewa maisha ya Frédéric Chopin, mmoja wa wapiga piano na watunzi mashuhuri kuliko wote waliowahi kutokea Ulaya. Siku hizi msafiri anayefika Warsaw, Paris au London hukuta matangazo ya maonyesho madogo ya piano yanayofanyika usiku kwa mwanga wa mishumaa. Watu wachache huketi karibu na mpigaji, taa za umeme huzimwa, na mara nyingi muziki unaopigwa ni wa Chopin. Mgeni husikiliza, hupiga makofi, kisha hurudi hotelini. Anaweza kuondoka bila kujua kwamba mtunzi huyo alikuwa mkimbizi, na kwamba mara ya mwisho alipopiga piano hadharani alikuwa akiwachangia wakimbizi wenzake.

Mtoto wa mhamiaji

Chopin alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Żelazowa Wola, magharibi mwa Warsaw. Kumbukumbu za ubatizo zinataja tarehe 22 Februari, lakini familia yake ilisherehekea siku ya kuzaliwa kwake tarehe 1 Machi. Baba yake, Nicolas, alikuwa Mfaransa kutoka Lorraine aliyehamia Poland akiwa kijana. Alifundisha Kifaransa, akamwoa Justyna, binti wa Kipolandi, na hakurudi tena kuishi Ufaransa. Kwa hiyo, kabla ya mtoto kuikimbilia Ufaransa, baba alikuwa ameshaiacha.

Poland ya wakati huo haikuwa nchi huru. Majirani watatu, yaani Urusi, Prussia na Austria, walikuwa wamegawana ardhi yake yote kufikia mwaka 1795. Baada ya mwaka 1815 Warsaw ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Wapolandi walibaki na lugha yao, dini yao na ngoma zao, lakini amri ilitoka kwingine.

Kipaji cha mtoto kilionekana mapema. Alikuwa na umri wa miaka saba wakati wimbo wake wa kwanza ulipochapishwa, nao ulikuwa wa mtindo wa polonezi, dansi ya Kipolandi. Likizo za shule alizitumia vijijini, ambako aliwasikia wakulima wakiimba na kuwaona wakicheza mazurka. Midundo hiyo haikumtoka. Baadaye, akiwa mbali, ndiyo aliyoirudia tena na tena mpaka siku zake za mwisho.

Safari isiyo na marejeo

Tarehe 2 Novemba 1830, akiwa na umri wa miaka 20, Chopin aliondoka Warsaw kwenda Vienna kutafuta jina na riziki. Hakuondoka kama mkimbizi. Alikuwa msanii kijana aliyekusudia kuzunguka Ulaya kisha kurudi nyumbani. Lakini usiku wa tarehe 29 mwezi huohuo, Warsaw ililipuka kwa uasi dhidi ya Urusi. Rafiki yake Tytus Woyciechowski, waliyesafiri pamoja, aligeuza safari na kurudi kupigana. Chopin, ambaye afya yake ilikuwa dhaifu, alibaki Vienna. Uamuzi huo ulimsumbua sana, na daftari lake la wakati huo limejaa hasira na majuto.

Septemba 1831, akiwa Stuttgart nchini Ujerumani, alipata habari kwamba majeshi ya Urusi yameiteka Warsaw. Hakujua kama wazazi na dada zake walikuwa hai. Baadaye mwaka huo aliingia Paris akiwa na karatasi ya kusafiria iliyoeleza kwamba alikuwa akipita tu hapo kwenda London. Mpita njia huyo alikaa Ufaransa miaka 18.

Maelfu ya Wapolandi nao walikuwa wamemiminika Paris. Walikuwamo wanajeshi walioshindwa, wanasiasa, washairi na watu wa kawaida. Raia wa Poland aliyetaka kurudi alipaswa kujiweka sawa na ubalozi wa Urusi. Chopin hakufanya hivyo, na kwa hatua hiyo alijifungia mlango wa kwao. Mwaka 1835 alipata uraia wa Ufaransa. Majira ya joto ya mwaka huohuo alikutana na wazazi wake huko Karlsbad, mji wa chemchemi za maji ya moto uliokuwa chini ya Austria. Haikuwa Poland wala Ufaransa. Walikaa pamoja wiki chache, wakaagana, na hawakuonana tena.

Mezani na kwenye piano

Watu wengi hudhani msanii mkubwa huishi kwa kujaza kumbi. Chopin aliogopa umati. Katika maisha yake yote alipiga hadharani mara 30 hivi tu. Alipata riziki kwa kufundisha watoto na wake wa matajiri, na kwa kuuza tungo zake kwa wachapishaji. Mahali alipopapenda ni sebuleni mwa rafiki, mbele ya watu wachache, usiku. Mishumaa ndiyo iliyokuwa taa za nyumba hizo, na waliomfahamu walisimulia kwamba wakati mwingine aliomba izimwe kabla hajaanza kupiga. Alipiga kwa sauti ya chini kiasi kwamba aliyekaa nyuma ya ukumbi mkubwa angepata taabu kumsikia.

Majira ya baridi ya mwaka 1838 alisafiri na mwandishi George Sand, mwanamke aliyeishi naye kwa miaka mingi, kwenda kisiwa cha Majorca nchini Hispania. Alitarajia jua lingemponya kifua, lakini walikuta mvua na baridi katika vyumba vya monasteri kuukuu ya Valldemossa. Piano aliyotumiwa kutoka Paris ilizuiwa forodhani Palma huku maofisa wakidai ushuru mkubwa. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kukwama na mzigo wake mpakani Kobero ataielewa sehemu hii bila kufafanuliwa. Piano ilipofika hatimaye, Januari 1839, zilikuwa zimebaki wiki chache tu kabla hawajaondoka kisiwani. Hadi hapo alikuwa akitumia kinanda kibovu cha kienyeji, na ni katika hali hiyo alikamilisha mkusanyiko wake wa tungo fupi 24 ambazo leo hupigwa dunia nzima.

Safari ya mwisho

Tarehe 16 Februari 1848 Chopin alipiga Paris mara ya mwisho, katika ukumbi wa Pleyel, mbele ya watu 300 hivi. Tiketi zilikuwa zimekwisha siku nyingi kabla. Wiki haikupita, mapinduzi yakaanza mjini, mfalme wa Ufaransa akakimbia, na matajiri waliokuwa wakimlipa Chopin kufundisha watoto wao wakakimbia pia. Alikuwa mgonjwa, hana kipato, na ameshaachana na George Sand. Mwanafunzi wake Mskoti, Jane Stirling, akamwalika Uingereza.

Alifika London mwezi Aprili. Tarehe 15 Mei alipiga katika jumba la Stafford House, na Malkia Victoria alikuwapo. Juni na Julai alipiga katika nyumba mbili za watu wakubwa, kwa wageni wachache walionunua tiketi. Hizo ndizo hafla zilizomfaa: chumba kimoja, watu wanaofahamiana, mwanga hafifu. Agosti alikwenda Manchester, ambako alikuta ukumbi mkubwa wenye watu zaidi ya elfu moja, na wengi hawakumsikia vizuri. Kutoka hapo alielekea Glasgow, kisha Edinburgh. Alikuwa amekonda mno. Kwenye ngazi alibebwa na mtumishi wake.

Tarehe 16 Novemba 1848, London, kulikuwa na hafla ya muziki na dansi katika ukumbi wa Guildhall ili kuwachangia wakimbizi wa Poland. Chopin alikuwa kitandani siku nyingi kabla ya hapo, na hakuna ambaye angemlaumu kama asingefika. Alifika. Alipiga katika chumba cha pembeni, huku wengi wa waliohudhuria wakiwa wamefuata dansi na wakiwa na haraka ya kuirudia. Magazeti hayakumtilia maanani. Kijana ambaye mwaka 1830 hakurudi kushika bunduki alitoa alichokuwa nacho, naye alikuwa amebakiwa na nguvu kidogo mno. Hakupiga tena hadharani.

Moyo wavuka mpaka

Alirudi Paris mwezi huohuo. Kiangazi cha mwaka 1849 dada yake mkubwa, Ludwika, alipata ruhusa ya kutoka Warsaw, akaja kumuuguza. Chopin alifariki dunia tarehe 17 Oktoba 1849, akiwa na umri wa miaka 39, kwa ugonjwa ambao kwa kawaida hutajwa kuwa kifua kikuu. Maelfu walihudhuria mazishi yake. Mwili ulizikwa katika makaburi ya Père Lachaise, Paris, na uko huko hadi leo.

Moyo haukuzikwa Paris. Ulitolewa, ukahifadhiwa katika chupa yenye pombe kali, na Ludwika akaondoka nao. Inaelezwa kwamba aliuficha ndani ya nguo zake ili maofisa wa mipakani wasiuone. Mwanamke huyo alivuka Ulaya na chupa hiyo mpaka Warsaw, kwa wazazi ambao hawakumwona mwana wao kwa miaka 14. Baba alikuwa ameshakufa, lakini mama alikuwa hai. Baadaye moyo uliwekwa ndani ya nguzo ya Kanisa la Msalaba Mtakatifu.

Vitu vingine havikupata bahati hiyo. Mwaka 1863, Wapolandi walipoasi tena, askari wa Urusi walivamia jengo alimoishi dada yake mwingine, Izabela, na kuitupa dirishani piano ya Chopin. Katika Vita Kuu ya Pili, Wajerumani walioikalia Poland walipiga marufuku muziki wake hadharani. Moyo wenyewe uliondolewa kanisani mwaka 1944 wakati mji ulipokuwa ukiteketea. Ulirudishwa tarehe 17 Oktoba 1945, siku ya kumbukumbu ya kifo chake.

Waliorudi Rumonge

Habari ya Chopin haifanani kwa kila kitu na ya watu wa mwambao wa Tanganyika. Yeye alihifadhiwa na matajiri. Waliokimbia Rumonge walipewa jembe na pori la kufyeka. Lakini maswali yaliyomkabili ni yaleyale. Je, uchukue uraia wa nchi iliyokupokea? Tanzania iliwakubalia uraia zaidi ya 160,000 kati ya wakimbizi wa 1972 na watoto wao. Wengine makumi ya maelfu walichagua kurudi Burundi, hasa kuanzia mwaka 2008.

Waliorudi Rumonge walikuta nyumba na mashamba ya michikichi yakiwa mikononi mwa wengine. Baadhi ya waliokuwamo walikuwa wamepewa ardhi hiyo na serikali, na wengine waliinunua wakiamini ni halali. Watoto waliozaliwa Ulyankulu au Mishamo walifika katika mji wa wazazi wao wakizungumza Kiswahili vizuri kuliko Kirundi. Katika Rumonge, ambako Kiswahili kimezungumzwa tangu enzi za misafara ya biashara, angalau lugha haikuwafanya wageni.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kwa mujibu wa itifaki hiyo, mtu wa Kigoma anaweza kuja Rumonge, na wa Rumonge akaenda Kigoma, bila kuficha kitu ndani ya nguo kama Ludwika. Kuvuka mpaka kumekuwa kwepesi kuliko zamani. Kazi iliyobaki ni ya upande wa pili wa mpaka: anayefika apate mahali pa kuweka mzigo wake, na aliyemkuta hapo asigeuzwe mkimbizi mpya.