Gerardus Mercator: Mtu Aliyetuchorea Dunia

Ndugu msomaji, usione vyaelea, vimeundwa. Ramani ya dunia ambayo wengi wetu tumeizoea ukutani darasani haikuanguka kutoka mbinguni. Iliundwa na mtu aliyezaliwa, akasoma, akatiwa jela, akazeeka na kufa kama binadamu wengine. Mtu huyo aliitwa Gerardus Mercator. Nimeonelea nikusimulie maisha yake katika toleo hili kwa sababu nimewasikia wanafunzi wengi, tena hodari wa jiografia, wakiapa kwamba Greenland inatoshana na Afrika kwa ukubwa. Ukiwauliza wamejuaje, watakunyoshea ramani kidole. Kumbe mwenye ramani hakukusudia hayo hata kidogo!

Mercator alizaliwa tarehe 5 Machi 1512 huko Rupelmonde, mji mdogo ulio katika nchi tunayoiita Ubelgiji leo. Miaka 14 kabla ya hapo, yaani mwaka 1498, Vasco da Gama alikuwa ametia nanga Malindi akielekea Bara Hindi. Wazungu walikuwa mbioni kutafuta njia za baharini, na ramani nzuri ilikuwa mali. Lakini nyumbani kwao Mercator hapakuwa na mali. Baba yake alikuwa fundi wa viatu mwenye watoto wengi. Baba huyo alipofariki, jamaa yao mmoja aliyekuwa kasisi ndiye aliyemsomesha kijana.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Gerard Kremer. Kremer katika lugha ya kwao ni mchuuzi. Wasomi wa siku zile walipenda kujipa majina ya Kilatini, basi naye akajiita Mercator, ambalo kwa Kilatini ni mfanyabiashara. Hata yeye mwenyewe, kwa hivyo, alitembea na jina la kubandikwa, kama zilivyo nchi na mabara mengi.

Mwaka 1530 alijiunga na chuo kikuu cha Leuven. Huko alisomeshwa hesabu na elimu ya nyota na Gemma Frisius, bingwa wa wakati huo. Alijifunza pia kuchonga maandishi na michoro juu ya shaba, kazi inayotaka mkono usiotetemeka. Kabla hajatimiza miaka 25 alikuwa ameshiriki kutengeneza tufe la dunia, na mwaka 1537 akatoa ramani ya nchi takatifu.

Mwaka uliofuata, 1538, alichora ramani ya dunia yenye jambo ambalo halijafutika mpaka leo. Mchora ramani wa Kijerumani, Martin Waldseemüller, alikuwa ameliandika jina Amerika mwaka 1507 juu ya nchi za kusini, kwa heshima ya baharia Amerigo Vespucci. Mercator akalipeleka jina hilo hadi kaskazini, ikawa Amerika ya Kaskazini na Amerika ya Kusini. Wenyeji wa huko, waliokuwa na majina yao tangu jadi, hawakuulizwa na mtu. Siku hizi mambo yamegeuka tena. Mtu akisema Amerika, wengi hudhani ni Marekani peke yake. Lakini Mbrazili ni wa Amerika, na Mkanada vilevile. Hilo halina tofauti na yule mgeni anayetaja Afrika kana kwamba ni nchi moja, ati yenye rais mmoja na lugha moja!

Maisha ya Mercator hayakuwa laini. Mwaka 1544 alikamatwa kwa kushukiwa kuwa mzushi wa dini. Alifungwa kiasi cha miezi saba katika ngome ya Rupelmonde, mji ule ule aliozaliwa. Baadhi ya waliokamatwa naye waliuawa. Yeye aliponea chupuchupu, baada ya watu wa chuo kikuu kumtetea. Mwaka 1552 alihamia Duisburg, Ujerumani, akaishi huko mpaka mwisho wake. Huko alichora, akachonga, na kwa muda akafundisha hesabu shuleni.

Sasa twende kwenye kiini cha makala yangu. Mwaka 1569 Mercator alitoa ramani kubwa ya dunia yenye kurasa 18. Katika kichwa chake alieleza waziwazi kwamba ameitengeneza kwa ajili ya mabaharia. Shida ya mabaharia ilikuwa hii: dunia ni mviringo, karatasi ni bapa. Hebu menya chungwa ujaribu kulilaza ganda mezani. Litapasuka, sivyo? Ili lisipasuke itabidi ulivute. Mercator alivuta. Mistari ya longitudo, ambayo kwa kweli hukutana kwenye ncha za dunia, yeye aliichora sambamba isikutane kamwe. Kisha, ili pembe zisiharibike, akazivuta nchi kwa urefu pia, na kadiri unavyotoka ikweta ndivyo alivyozidi kuvuta. Faida yake? Nahodha aliweza kupiga mstari kwa rula kutoka bandari hadi bandari, akasoma pembe, akafuata dira bila kugeuza. Hiyo si kazi ndogo!

Lakini hakuna kizuri kisicho na ila. Kwenye latitudo ya 60, urefu wa kila kitu huongezeka mara mbili, na eneo mara nne. Sisi tulio juu ya ikweta hatukuvutwa. Waliovutwa ni wa kaskazini. Ndiyo maana Greenland inaonekana kushindana na Afrika, hali Afrika ina kama kilomita mraba milioni 30 na Greenland milioni 2.2 tu. Afrika inaishinda karibu mara 14! Hata Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo peke yake ni kubwa kuliko Greenland. Uswidi nayo inaonekana jitu mbele ya Kenya. Ukweli ni kwamba Uswidi ina takriban kilomita mraba 450,000, na Kenya 580,000. Chukua Marekani, Uchina na India, uziweke zote ndani ya Afrika. Zitaingia, na nafasi itabaki.

Je, Mercator alikuwa mwongo? Mimi nakataa. Alikuwa na makosa yake, kwani kwenye ncha ya kaskazini alichora jabali jeusi la sumaku lililozungukwa na visiwa vinne, vitu ambavyo havipo. Hayo aliyaokota kwa waliomtangulia. Lakini ule ukubwa wa nchi haukuwa udanganyifu. Alitengeneza chombo cha kuonyesha njia, nasi tukakifanya mizani ya kupimia nchi. Mwenye panga halaumiwi kwa kuwa panga halishoni nguo.

Mwaka 1590 alipatwa na kiharusi, lakini hakufa moyo. Alikuwa akiandaa kitabu kikubwa cha ramani, akakiita Atlas kwa heshima ya mfalme wa hadithi wa Mauretania, katika Afrika ya Kaskazini. Alifariki tarehe 2 Desemba 1594 akiwa na umri wa miaka 82. Mwaka uliofuata mwanawe, Rumold, alikichapisha. Kwa hivyo kila tunapofungua atlasi darasani, tunatumia neno alilotuachia mzee huyu.

Katika karne zilizofuata, wengi wamechora ramani za kuonyesha ukubwa halisi wa nchi. Mojawapo ni Equal Earth ya mwaka 2018, na mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kutaka ramani ya namna hiyo itumike badala ya ile ya Mercator. Naam, ni jambo jema. Mtoto anayeliona bara lake dogo kila siku ukutani anaweza kulidharau bila kujua.

Ushauri wangu kwenu wanachama wenzangu ni huu: kabla hujaiamini ramani, iulize ilichorwa kwa kazi gani. Ukitaka kujua ukubwa wa nchi, tazama tufe, au soma tarakimu. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini wewe sasa umeshaambiwa. Kwaheri ya kuonana!