IBN KHALDUN: ALIYEIPIMA HISTORIA KWA MIZANI

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi si mtu wa kubishana na wahenga, lakini nataka kuwasimulia habari za bwana mmoja ambaye asingeimeza methali hii hivi hivi. Yeye akiletewa habari, kwanza aliuliza kama jambo lenyewe lawezekana. Jina lake ni Ibn Khaldun, na wengi humhesabu miongoni mwa waanzilishi wa falsafa ya historia. Nimemchagua kwa sababu wengi wetu husoma historia kama kasuku: mwaka, jina, vita, halafu mtihani, basi. Nani aliyeandika habari hizo, na alijuaje? Hatuulizi.

Ibn Khaldun alizaliwa mjini Tunis mwaka wa 1332. Ukoo wake ulikuwa na asili ya Hadhramaut, ukaishi karne nyingi Seville katika Uhispania, kisha ukahamia Afrika ya Kaskazini. Kijana huyu alihifadhi Kurani, akasoma sheria, mantiki, hesabu na ushairi. Alikuwa bado hajafika miaka ishirini tauni kubwa ya 1348 na 1349 ilipoingia Tunis. Ikawachukua wazazi wake pamoja na walimu wake wengi. Baadaye aliandika kwamba tauni ile iliubadilisha ulimwengu mzima, na kwamba ulimwengu ukibadilika sharti apatikane mtu wa kuandika historia upya.

Akajitosa katika siasa, na siasa za zama hizo zilikuwa moto wa kuotea mbali. Alikuwa katibu katika majumba ya masultani wa Tunis na Fez. Mwaka wa 1357 sultani wa Fez alimshuku akamtia gerezani, asitoke mpaka sultani huyo alipokufa mwaka uliofuata. Akavuka bahari hadi Granada, na mwaka wa 1364 akatumwa balozi kwa Mfalme Pedro wa Castile, huko Seville, mji wa mababu zake. Pedro alimwahidi kumrudishia mali ya ukoo wake iwapo angebaki kumtumikia. Akakataa. Baadaye akawa waziri huko Bejaia. Leo yuko na sultani huyu, kesho yuko na hasimu wake! Sisemi alikuwa malaika. Lakini huko ndiko alikoona kwa macho yake jinsi habari za wakubwa zinavyopikwa.

Mwaka wa 1375 alichoka. Akajitenga na familia yake katika ngome ya Qal'at Ibn Salama, katika nchi tunayoiita Algeria leo, akakaa huko karibu miaka minne. Mwaka wa 1377, kwa muda wa miezi mitano tu, alikamilisha Mukadima, yaani utangulizi wa historia yake kubwa. Hebu fikirini, utangulizi umeipita historia yenyewe kwa umaarufu!

Katika kitabu hicho anaeleza kwa nini uongo huingia katika historia. Kwanza, mwandishi huwa na upande wake, na mtu husadiki upesi jambo linalompendeza. Pili, humwamini msimulizi bila kumchunguza. Tatu, watu hupenda kujipendekeza kwa wenye vyeo. Nne, na hili ndilo kubwa kwake, mwandishi hajui jinsi jamii za watu zinavyoishi, kwa hivyo hawezi kutambua lisilowezekana.

Akatoa mifano. Mwanahistoria al-Mas'udi alikuwa ameandika kwamba Musa alipowahesabu wapiganaji wa Israeli jangwani, walizidi laki sita. Ibn Khaldun akapiga hesabu. Jeshi kubwa hivyo litapiganaje, ikiwa walio mwisho huu hawajui yanayotendeka mwisho ule? Na ukoo wa watu sabini walioingia Misri utawezaje kuongezeka kiasi hicho kwa vizazi vinne? Tena kuna kisa cha Aleksanda Mkuu, ati alizama baharini ndani ya sanduku la kioo ili achore picha za mazimwi waliomzuia kujenga mji wa Aleksandria. Ibn Khaldun akasema hapana: hakuna mfalme angejihatarisha hivyo, na mtu aliyefungiwa sandukuni chini ya maji hufa kwa kukosa hewa. Somo la sayansi hilo, jamani, ndani ya kitabu cha historia!

Lakini msidhani alikuwa mtu wa kukataa kila kitu. Alipokuwa Fez, msafiri Ibn Battuta alikuwa amerudi na hadithi za utajiri wa mfalme wa India, na watu wakanong'ona kwamba ni mwongo. Ibn Khaldun naye akashuku. Waziri mmoja akamwonya kwa kisa cha mtoto aliyekulia gerezani pamoja na baba yake. Mtoto huyo alielezwa habari za kondoo, ng'ombe na ngamia, lakini akadhani wote ni jamii ya panya, maana mnyama aliyemjua yeye ni panya tu. Ibn Khaldun alikubali funzo hilo: usikatae jambo kwa sababu tu hujaliona.

Mwaka wa 1382 alihamia Misri, akawa kadhi mkuu wa madhehebu ya Maliki mjini Kairo. Mwaka wa 1384 familia yake ilipokuwa ikimfuata, jahazi lilivunjika karibu na Aleksandria, mke na watoto wakaangamia. Lo! Alifutwa ukadhi akarudishwa mara kadhaa. Mwaka wa 1401, Timur alipouzingira mji wa Dameski, mzee huyu aliteremshwa ukutani kwa kamba akaenda kuonana naye. Timur akamtaka amwandikie habari za nchi za Maghribi, naye akaandika. Alifariki Kairo mwaka wa 1406.

Sasa nifikie jambo linalonikereketa. Mtu huyu aliyetufundisha kupima habari, aliandika kuhusu watu weusi wa nchi za joto kwamba wengi wao, kama ilivyosimuliwa, hukaa mapangoni na kula majani. Nani alisimulia? Hakupima! Na ilhali mwaka wa 1331 Ibn Battuta alikuwa amefika pwani yetu, akalala Mombasa akaona misikiti iliyojengwa vizuri, akaenda Kilwa akausifu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Tena Ibn Khaldun mwenyewe, alipowauliza watu waliotoka Sudani ya Magharibi, aliandika majina ya wafalme wa Mali, wakiwemo Sundiata na Mansa Musa, na hadi leo wanahistoria huyategemea. Kumbe alipouliza alipata, na aliposikia tu alipotoka.

Je, tumtupe? La hasha! Mizani aliyotuachia ndiyo hiyo hiyo tunayoweza kumpimia yeye. Sisi nasi tuitumie. Ukisoma kwamba mgeni fulani aligundua ziwa au mlima, uliza waliokuwa wakiishi kando yake walikuwa wapi. Na babu akikusimulia kwamba ukoo wenu haukushindwa vita hata siku moja, sikiliza kwa adabu, kisha uende ukaulize ukoo wa jirani.

Wanachama wenzangu, na walimu wetu tunaowaheshimu, kuuliza si ujinga. Njia ya mwongo ni fupi, lakini haijifupishi yenyewe: sharti pawe na mtu wa kuuliza.