Mobutu: Saratani ya tezi dume, kuanguka kwa Bunia na mwisho wa utawala wa karibu miaka 32

Agosti 1996, madaktari wa mjini Lausanne, Uswisi, walimfanyia upasuaji Rais wa Zaire, Mobutu Sese Seko, aliyekuwa akiugua saratani ya tezi dume. Miezi minne baadaye, katika siku za Krismasi, mji wa Bunia uliingia mikononi mwa waasi wa AFDL. Kabla ya miezi mitano mingine kupita, utawala uliodumu karibu miaka 32 ulikuwa umekwisha, na kiongozi huyo alikuwa njiani kuelekea uhamishoni.

Alizaliwa Oktoba 14, 1930 mjini Lisala, kando ya Mto Kongo, na kupewa jina la Joseph-Désiré. Baba yake alikuwa mpishi wa jaji wa Kibelgiji. Alifariki Mobutu akiwa bado mtoto, na mama ndiye aliyebaki na mzigo wa malezi. Alisoma katika shule za wamisionari, lakini utundu wake ukamfanya afukuzwe na kupelekwa Force Publique, jeshi la wakoloni. Huko alijifunza kazi ya ofisini, akasoma magazeti kwa bidii, na alipoachana na jeshi mwaka 1956 akawa mwandishi wa habari mjini Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa.

Uandishi ulimkutanisha na Patrice Lumumba, aliyemwamini na baada ya uhuru wa Juni 30, 1960 akampa wadhifa wa juu jeshini. Septemba mwaka huohuo, Mobutu alitumia jeshi hilo kumweka kando aliyempandisha cheo. Novemba 24, 1965 alitwaa madaraka kwa mara ya pili, safari hii kwa jina lake mwenyewe.

Jina lake hadi ziwani

Mwaka 1967 alianzisha chama cha MPR, kilichokuja kuwa chama pekee. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, na mwaka uliofuata wananchi wakatakiwa kuacha majina ya Kizungu. Suti na tai zikapisha abakosti. Ituri nayo haikuachwa: Ziwa Albert, ambalo wavuvi wa Kasenyi na Tchomia hulitegemea kwa riziki yao, likapewa jina la rais.

Kilichoigusa Ituri zaidi, hata hivyo, kilikuwa mwaka 1973. Sheria mpya ilifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali, na mwishoni mwa mwaka huo mashamba na biashara za wageni zikagawiwa Wazaire. Kule Djugu na Irumu, waliokuwa na elimu na watu wa kuwashika mkono serikalini waliweza kupata hati za mashamba makubwa. Waliokuwa wakiishi na kulima humo mara nyingi walijua baadaye kwamba shamba lina mwenyewe. Mgogoro wa ardhi uliokuja kulipuka Djugu mwaka 1999, na kuwaingiza Wahema na Walendu katika vita vilivyoua makumi ya maelfu ya watu, una mizizi yake humo.

Wakati huo Mobutu alikuwa kileleni. Mwaka 1974 dunia nzima ilitazama Kinshasa Muhammad Ali alipopigana na George Foreman. Gbadolite, kijiji cha mababu zake, kikajengewa majumba ya kifahari na uwanja wa ndege. Wanajeshi na walimu, kwa upande wao, walikaa miezi bila mshahara. Mwaka 1991 na 1993, askari wasiolipwa walipora miji ya nchi yao wenyewe.

Ugonjwa usiopiga hodi

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu cha mkojo. Saratani yake hukua polepole kwa wanaume wengi, na mwanzoni mara nyingi haina dalili. Inapojitokeza kwa shida ya kukojoa, damu kwenye mkojo au maumivu ya mgongo na nyonga, huenda tayari imesambaa, hasa kwenye mifupa. Wanaume wenye asili ya Afrika wako katika hatari kubwa zaidi.

Mwaka 1995, mwaka mmoja tu kabla ya upasuaji wa Lausanne, wanasayansi waliitambua peptidi ya binadamu inayojulikana sasa kama LL-37. Peptidi za aina hii ni vipande vifupi vya protini, silaha za kinga ya asili ambayo mtu huzaliwa nayo. Hutoboa kuta za bakteria kabla kinga inayojifunza, kama ile ya chanjo, haijaamka.

Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba katika saratani ya tezi dume walinzi hawa hawatabiriki. Mmoja wao, defensini beta 1, hupungua au kutoweka kabisa katika uvimbe mwingi, na seli za saratani zilizorudishiwa peptidi hiyo maabara zilikufa. LL-37 ni kinyume chake: imekutwa kwa wingi zaidi ndani ya uvimbe. Majaribio ya panya yalionyesha kwamba peptidi inayofanana nayo huvuta seli changa za kinga, ambazo badala ya kupambana na saratani huisaidia kukua. Elimu hiyo bado haijawa tiba ya kawaida hospitalini, na Mobutu hakuwahi kufaidika nayo.

Krismasi ya Bunia

Akiwa Ulaya akipata nafuu, mashariki kuliwaka moto. Uvira ilianguka Oktoba, kisha Bukavu na Goma. Desemba 17, 1996 Mobutu alirejea Kinshasa na kupokewa na umati mkubwa, akamteua Jenerali Mahele kuongoza majeshi. Lakini jeshi alilokabidhiwa jenerali huyo lilikuwa limekwisha kuoza. Wanajeshi waliokuwa wakirudi nyuma walipora miji waliyopaswa kuilinda, Bunia ikiwemo, kisha wakakimbia. AFDL walipoingia hapakuwa na ulinzi wa maana.

Kuipoteza Bunia kulimaanisha kupoteza lango la dhahabu ya Kilo-Moto na njia ya kwenda Uganda. Januari 1997 Mobutu alirudi Ufaransa kwa matibabu. Mamluki aliowaajiri hawakuweza kuiokoa Kisangani, iliyoanguka Machi 15. Aliporejea nyumbani mwezi huohuo alikuwa amedhoofu, na Aprili Lubumbashi nayo ikaenda.

Mei 4, Nelson Mandela alimkutanisha na Laurent-Désiré Kabila ndani ya meli ya Afrika Kusini huko Pointe-Noire. Hawakuafikiana. Mei 16 Mobutu aliondoka Kinshasa kwenda Gbadolite, na kesho yake waasi wakaingia mji mkuu. Kutoka Gbadolite aliruka hadi Togo, kisha Morocco.

Alifariki Rabat Septemba 7, 1997, akiwa na umri wa miaka 66, na akazikwa katika makaburi ya Wakristo ya mji huo, mbali na Lisala na mbali na Gbadolite. Nchi ilikuwa imekwisha kurudia jina la Kongo, na ziwa lililo mashariki ya Bunia likarudi kuitwa Albert. Sheria ya ardhi ya 1973 haikuondoka pamoja naye. Miaka miwili baada ya kifo chake, Djugu ilianza kuungua.